Tulielewa, Hatukuridhika

Mtazamaji wa kawaida akithubutu kusema kwamba filamu fulani kubwa, kazi ya mwongozaji mwenye jina, haikufika ilikokuwa ikienda, hujibiwa kwa kauli mbili. Ya kwanza: hukuielewa. Ya pili: angalau amejaribu. Kauli hizi zimezoeleka kiasi kwamba hata watu wenye busara huzitoa bila kuzipima. Anayezitoa huonekana muungwana, mpenzi wa kweli wa sanaa, na anayelalamika huonekana mtu wa kupenda ngumi na magari yanayolipuka tu. Nazipinga zote mbili. Nazipinga kama mtazamaji nisiye na cheti chochote cha filamu, mtu anayelipa kiingilio chake, au bando lake, akampa mwongozaji saa mbili tatu za usiku baada ya kazi. Nia kubwa ya msanii ni ahadi. Walioahidiwa ni sisi, na sisi ndio wa kwanza kujua kama ahadi imetimia.

Tuchukue filamu ambayo watetezi wa kauli hizo wameishika kama bendera. Mwaka 2024 Francis Ford Coppola, aliyetupa The Godfather mwaka 1972 na Apocalypse Now mwaka 1979, alitoa Megalopolis. Wazo lake alikuwa nalo kwa zaidi ya miaka 40. Studio zilipokataa kuigharimia, aliuza sehemu ya biashara yake ya mvinyo akaingiza takriban dola milioni 120 za kwake mwenyewe. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes, Mei mwaka huo, mzee alikuwa na miaka 85. Kwa moyo huo namvulia kofia. Lakini moyo wa mwongozaji hauonekani kwenye kioo. Kinachoonekana ni filamu, nayo ni hii.

Mji unaitwa New Rome, yaani New York iliyovishwa majina na mavazi ya Roma ya kale. Msanifu majengo Cesar Catilina, anayeigizwa na Adam Driver, amevumbua kitu kiitwacho Megalon na anataka kukitumia kujenga mji mpya utakaowafaa watu wote. Meya Cicero anampinga. Julia, binti wa meya, anampenda. Na Cesar ana uwezo mmoja wa ajabu: anaweza kuuamuru wakati usimame. Mwanzoni kabisa tunamwona akitoka dirishani juu ya jengo refu, anasogea ukingoni, mguu mmoja unaning'inia hewani, mwili unaanza kuelemea chini, kisha anatoa amri na wakati unasimama. Mawingu yametulia, magari kule chini yametulia. Hapo nilikaa vizuri kitini. Anayeanza hadithi namna hiyo anakuambia kwamba uwezo huu una kazi huko mbele.

Hauna. Cesar anaupoteza, mapenzi yanamrudishia, anaushiriki na Julia, basi. Haumwokoi mtu, haumgharimu mtu, wala hakuna mkazi wa New Rome ambaye maisha yake yanageuka kwa sababu mjini kwao yupo mtu anayeweza kusimamisha wakati. Baadaye setilaiti chakavu ya Kisovieti inauangukia mji. Coppola anaonyesha maafa hayo kwa vivuli vikubwa vya watu waliojaa hofu vikitanda kwenye kuta za majengo, na kwa maoni yangu hakuna picha nzuri kuliko hiyo katika filamu nzima. Muda mfupi baadaye hadithi imeshahamia kwingine, na walioangukiwa hatuambiwi walikuwa akina nani.

Kilichonikera zaidi ni jambo ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Mapema kabisa, nyumba za watu wa kipato cha chini zinabomolewa ili Cesar apate kiwanja cha mji wake. Mtazamaji yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kuona X nyekundu ikipakwa ukutani mwa nyumba ya jirani ana swali hapo hapo: hawa wamehamia wapi? Bomoabomoa anaijua. Ameona vitanda na masufuria kando ya barabara, mabati yakikusanywa moja moja, mama amekaa juu ya godoro anasubiri gari la kubeba vitu. Filamu haina jibu kwa swali lake. Waliobomolewa wanarudi kama umati nyuma ya uzio, hawana majina wala hoja, na binamu wa Cesar aitwaye Clodio anawatumia kujitafutia ukubwa wa kisiasa. Meya anasema watu wana shida za leo na ndoto za Cesar haziwasaidii leo. Hiyo ni hoja nzito. Filamu inayohubiri tangu mwanzo hadi mwisho kwamba wanadamu wakae wajadiliane kuhusu kesho yao ilipaswa kuijibu. Meya hajibiwi. Anapewa mjukuu, na ugomvi unakwisha. Mji mpya unafunguliwa, una njia zinazojiendesha na majengo yanayong'aa, na sisi tunatakiwa tushangilie.

Sasa niambieni, hapo ni kipi ambacho sikukielewa?

Watetezi wakifikishwa hapa hukimbilia historia. Husema kazi kubwa zote zilikataliwa kwanza, watu wakaja kuzitambua baadaye, kwa hiyo subiri miaka 30 utaaibika. Ni hoja tamu, na Agosti 2024 tulioneshwa utamu wake unaweza kuwafikisha watu wapi. Kampuni ya Lionsgate, iliyosambaza Megalopolis nchini Marekani, ilitoa trela iliyoanza kwa nukuu za wahakiki mashuhuri wakiziponda filamu za zamani za Coppola. Ujumbe ulikuwa wazi: walikosea wakati ule, wanakosea na sasa. Watu wakaenda kuzitafuta nukuu hizo katika maandishi ya wahakiki wenyewe, wasizione. Zilikuwa za kubuni. Pauline Kael, aliyetajwa kuwa aliiponda The Godfather, kwa kweli aliisifu. Kampuni iliiondoa trela na kuomba radhi.

Ushahidi ulikosekana kwa sababu haupo. The Godfather haikusubiri miaka 30. Mwaka 1972 watu wa kawaida walipanga foleni kuitazama, ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote za mwaka huo, kisha ikapewa Oscar ya filamu bora. Apocalypse Now ilipigwa picha kwa taabu kule Ufilipino, kimbunga kikaharibu mandhari zilizojengwa, mwigizaji mkuu Martin Sheen akapata shambulio la moyo, na ilipotoka mwaka 1979 ilipata tuzo kuu ya Cannes kwa pamoja na filamu nyingine, na watu wakaenda kuitazama. Coppola huyu huyu alipofikia alichokikusudia, hatukuhitaji kuelimishwa. Tulikiona. Mwaka 2024 kampuni ya CinemaScore, ambayo kazi yake ni kuwauliza watazamaji wa Marekani maoni yao siku ya kwanza ya maonyesho, ilipata jibu la D+ kwa Megalopolis. Mapato sitayatumia kama hoja, kwa sababu filamu nyingi za hovyo hujaza kumbi na nyingine nzuri hukosa watu. Lakini waliotoka nyumbani jioni hiyo ya kwanza walitoka kwa hiari, na wengi wao bila shaka walimpenda Coppola. Hao si maadui wa sanaa.

Na kuhusu kuelewa, sisi watazamaji wa Kiswahili tuna haki ya kuudhika zaidi ya wengine. Tumezitazama filamu za Kihindi kwa miongo mingi bila maandishi ya tafsiri, tukajua nani kamsaliti nani, nani ni ndugu aliyepotea utotoni, na kwa nini mama analia. Tumetazama za Hong Kong kwenye vibanda umiza, wengine wamekaa sakafuni, spika inakwaruza. Dar es Salaam Lufufu alijipatia jina kwa kutafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, na Kenya sauti ya DJ Afro ikawa maarufu kwa kazi ya namna hiyo. Mtafsiri wa kibandani ana mtihani ambao wahakiki wengi hawajawahi kuufanya: lazima kila dakika awaambie watu stelingi anataka nini na nani amemzuia. Filamu inayojua inakokwenda humrahisishia kazi, hata ikiwa na mafumbo. Filamu iliyopotea humlazimisha kubuni hadithi yake mwenyewe juu ya picha za mtu mwingine. Watu waliolelewa na kibanda hicho unawaambiaje kwamba hawawezi kufuata hadithi?

Mfano unaoletwa mara nyingi dhidi ya watu kama mimi ni Blade Runner ya Ridley Scott. Ilitoka mwaka 1982, watu wakaipokea kwa baridi, leo ni miongoni mwa filamu zinazoheshimiwa kuliko zote za aina yake. Ni kweli. Lakini angalieni vizuri ni filamu ipi inayoheshimiwa. Ile ya 1982 ilikuwa na sauti ya Harrison Ford ikieleza mambo tunayoyaona wenyewe, na ilikuwa na mwisho wa furaha, gari likikatiza nchi ya kijani, kwa picha za angani zilizotokana na mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyolalamikiwa. Toleo la mwaka 1992 liliviondoa. Mwaka 2007 Scott akatoa toleo lake la mwisho, navyo havikurudi. Kwa hiyo waliolalamika hawakushindwa na historia, historia iliwakubalia. Najua nitaambiwa kwamba sauti ile iliongezwa baada ya watazamaji wa majaribio kusema wamepotea njia. Sawa. Mgonjwa hutaja panapomuuma, dawa si yeye anayeiandika. Watazamaji walisema wamepotea, na ni wenye fedha walioamua kwamba tiba ni kumpa Ford karatasi ya kusoma. Walikuwepo pia waliolalamika kwamba inakwenda polepole, na mwendo huo umebaki hadi leo. Hao naona walikosea, maana mwendo ule ndio unaotupa nafasi ya kuuishi mji wenyewe, mvua, moshi na taa za matangazo. Sisemi mtazamaji hakosei. Nasema ushahidi wake upimwe kipengele kwa kipengele, usitupwe wote kwa neno moja.

Dune ya David Lynch, ya mwaka 1984, inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Riwaya nene ya Frank Herbert ilishindiliwa ndani ya dakika 137. Katika baadhi ya kumbi za Marekani watazamaji waligawiwa karatasi yenye maelezo ya maneno ya filamu, kama wanafunzi wanaoingia kwenye chumba cha mtihani. Filamu inaanza kwa uso wa binti mfalme Irulan ukielea katikati ya nyota, anatueleza historia ya himaya, anafifia, kisha anarudi kwa sababu kuna kitu amesahau kutuambia. Baada ya hapo wahusika wananong'ona mawazo yao kichwani, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hakuna nafasi ya kuyatenda. Watu walisema hadithi imebanwa mno. Wakaambiwa Lynch ni fundi wa ndoto, hawakumwelewa. Lynch mwenyewe hakuwa na kauli ya mwisho katika uhariri, na aliihesabu kuwa kazi iliyoshindwa. Kisha akaja Denis Villeneuve akaigawa riwaya hiyo hiyo katika filamu mbili, ya mwaka 2021 na ya mwaka 2024, zenye zaidi ya saa tano kwa pamoja, na mamilioni wakaifuata bila karatasi ya maelezo. Kilichopungua mwaka 1984 hakikuwa akili ya mtazamaji.

Kesi ngumu kwangu ni Heaven's Gate ya Michael Cimino, na sitaikwepa. Ilihusu mgogoro wa wafugaji matajiri na wahamiaji maskini kule Wyoming mwaka 1892. Bajeti ilianza karibu dola milioni 11 na kitu ikafika kama milioni 44. Ilionyeshwa New York Novemba 1980 ikiwa na zaidi ya saa tatu na nusu, ikaondolewa baada ya wiki moja, ikarudi mwaka 1981 imekatwa, ikaanguka tena. United Artists, studio iliyoanzishwa mwaka 1919 na Charlie Chaplin na wenzake, iliuzwa kwa MGM mwaka huo huo. Mwaka 2012 toleo refu lililokarabatiwa lilionyeshwa Venice, na tangu hapo sifa zimekuwa nyingi.

Baadhi ya sifa hizo ni za haki. Kuna tukio ndani ya ukumbi wa mbao ambapo kijana mpiga fidla anaingia akiteleza juu ya viatu vya magurudumu huku anapiga, anauzunguka ukumbi peke yake, kisha wahamiaji wote wanaingia wakiteleza, vumbi na mwanga wa dirishani vimechanganyika na nyuso zao. Ukiniambia walioiponda mwaka 1980 hawakuliona tukio hilo, nitakubali. Lakini toleo refu halikuponya ugonjwa wake mkuu. Watu ambao filamu inadai kuwasemea, wale wahamiaji, ni nadra mmoja wao kupewa jina na maisha yake. Wanapiga kelele wakiwa kundi, wanakufa wakiwa kundi, na saa nzimanzima zinakwenda kwa mwanamke mmoja na wanaume wawili wanaotazamana. Ni kasoro ile ile ya Megalopolis miaka 44 baadaye: mwongozaji anajitwisha mzigo wa umma mzima, kisha hana muda na mtu mmoja wa umma huo. Kasoro hiyo haihitaji shahada kuiona. Mtu wa kawaida huiona haraka kwa sababu yeye ndiye aliyemo ndani ya kundi lile.

Nije kwenye "angalau amejaribu." Kauli hii inajifanya haina madhara. Gharama ya majaribio ya Cimino haikuwa ya Cimino peke yake. Wafanyakazi wa studio walilipa. Farasi waliumizwa na kuuawa, na baada ya kashfa hiyo ndipo shirika la kutetea wanyama la American Humane Association likapewa mamlaka ya kusimamia matumizi ya wanyama kwenye filamu za Hollywood. Tena msamaha huu hautolewi kwa usawa. Mwenye jina akipwaya anaitwa jasiri. Kijana asiyejulikana akipwaya anaambiwa arudi darasani. Kama kujaribu kungekuwa kigezo cha kweli, kingewahusu wote.

Wala si kweli kwamba tunaodai filamu itimize ahadi tunataka watu waote ndoto fupi. Tazameni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Inahusu dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anapanda mbegu, inachipua, naye anatoroka kwenda jangwani kuuotesha mche. Dakika 21. Wazo lake ni kubwa sawa na lolote la Coppola. Kahiu alichukua mtu mmoja, mche mmoja na chupa ya maji, akahakikisha kila tone tunalihesabu pamoja na Asha. Anapoufunika mche kwa shela yake chini ya jua lile, hakuna anayehitaji kuelezwa umuhimu wake.

Kwetu Afrika Mashariki kauli ya kujaribu huja na kanzu ya uzalendo: ni yetu, tuiunge mkono, msiwavunje vijana moyo. Filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilipofika tamasha la Toronto mwaka 2021 nilifurahi kama kila mtu. Unguja ya miaka ya 1950 imepigwa picha kwa macho yanayoipenda, na mhusika mkuu Yasmin na rafiki yake Mwajuma wanapendeza kuwatazama. Lakini mimi niliyeisoma riwaya namdai Denge, yule mwanamapambano anayependana na Yasmin. Kazi ya siasa inayochukua kurasa nyingi kitabuni, vijana wanavyojipanga, wanavyosakwa, wanavyolipia, imekaa nyuma ya mapenzi. Filamu inayojitambulisha kuwa ya mapenzi na mapambano imenipa la kwanza kwa ukamilifu na la pili kwa dokezo. Kulisema hilo hadharani ni kumheshimu Shivji kuliko kumpigia makofi nikiwa nimekunja uso.

Mbona katika fasihi tulijua kufanya hivi? Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na mashairi yake yasiyofuata vina na mizani, hakuna aliyemwambia angalau amejaribu. Kulizuka mgogoro wa ushairi uliodumu miaka mingi, wanamapokeo na wanamabadiliko wakabishana kuhusu muundo, kuhusu lugha, kuhusu shairi ni nini hasa. Walikaripiana, walisomana kwa makini, na ushairi wa Kiswahili ukapata nguvu pande zote mbili. Filamu zetu zinanyimwa heshima hiyo. Zinapewa makofi siku ya uzinduzi, kisha kimya.

Kwa hiyo ndugu mtazamaji, usinyamaze kwa kuogopa kuambiwa hukuelewa. Ila usiishie kusema mbovu. Taja tukio ulilopenda, taja mhusika aliyeachwa njiani, eleza ulichoahidiwa mwanzoni na ulichokabidhiwa mwishoni. Na wewe mwongozaji, miaka uliyohangaika nayo tunaiheshimu, lakini usitulipishe kwa hiyo. Njoo ukae viti vya nyuma siku filamu yako inapoonyeshwa, uangalie ni wapi watu wanaanza kugeukia simu zao, kisha ukitoka utuulize kwa nini.